Njaa ya Punda Hailipwi kwa Siku Moja

Mwezi Juni mwaka jana, wakati ubaridi wa Uyole ulikuwa umeanza kuuma asubuhi na jioni, tulipokea punda jike aliyeletwa kwa kirikuu kutoka Igurusi, ambako alikuwa amevuta mikokoteni ya mpunga kwa miaka mingi mpaka siku alipoanguka njiani na kushindwa kuinuka. Mbavu zake zilihesabika kutoka mbali. Kwato za mbele zilikuwa zimerefuka na kupinda kuelekea juu, kwa sababu katika matope ya majaruba kwato hazisuguliki kama zinavyosuguliwa na ardhi kavu yenye mawe. Juu ya mabega alikuwa na kidonda kipana chenye funza. Watoto wa jirani walimpa jina siku hiyohiyo, wakamwita Bibi Igurusi, na jina hilo limebaki.

Banda letu ni dogo, na wanyama tunaowapokea ni wale ambao wenyewe wameshindwa kuendelea nao: maksai waliozeeka, mbuzi waliovunjika miguu, na zaidi ya wote punda. Kila anapofika mnyama aliyekonda hivyo, jaribu kubwa ni kumwekea chakula kingi. Jioni ile mama mmoja jirani yetu, mtu mwenye huruma ya kweli, alikuja na ndoo ya pumba za mahindi alizozikoroga kwa maji ya uvuguvugu. Nilimwamkia, nikamshukuru, kisha nikamwomba aiweke ndoo kando.

“Mwanangu,” akaniambia, “huyu anakufa kwa njaa, na wewe unampimia majani kama dawa?”

Nilimjibu kwamba ndivyo hasa ninavyofanya, na nikamweleza kuhusu punda dume tuliyempokea mwaka uliotangulia. Yule tulimpa pumba tele tangu usiku wa kwanza, akala kwa pupa, nasi tukafurahi. Siku ya nne alianza kutetemeka, akalala, na kabla ya jua kuchwa alikuwa amekufa. Daktari wa mifugo alitufafanulia jambo ambalo natamani ningelijua mapema. Mwili uliokaa na njaa muda mrefu huishi kwa kula mafuta na misuli yake wenyewe, huku akiba yake ya madini ikipungua. Wanga mwingi ukiingia kwa ghafla, mwili huikimbiza sukari ndani ya seli pamoja na fosfeti, potasiamu na magnesiamu zilizosalia, hata damu ikabaki bila madini ambayo moyo unayahitaji ili upige. Punda yule hakuuawa na njaa. Aliuawa na ndoo yetu. Bado naumia ninapoliandika hili.

Kwa hiyo Bibi Igurusi alipewa majani makavu kidogo kidogo, mara sita kwa siku, hata usiku wa manane, na maji safi wakati wote. Tuliongeza kipimo taratibu baada ya siku kumi. Pumba hakuzionja kwa wiki kadhaa.

Hata hivyo usiku wa kwanza hakugusa chochote, na hilo lilitutia hofu, kwa kuwa punda anayeacha kula huweza kufurikwa na mafuta ndani ya damu mpaka ini likashindwa kufanya kazi. Alisimama akitazama njia aliyoletwa nayo. Asubuhi nilimpigia simu mzee mwenye punda, nikamuuliza kama alikuwa na mwenzake. Alikuwepo, punda kijana waliyefungwa pamoja kwa miaka mitatu. Tulimfuata siku hiyohiyo, na aliposhushwa tu, Bibi Igurusi alimnusa shingo kwa muda mrefu, kisha akainamisha kichwa na kuanza kula.

Baridi nayo ilihitaji kufikiriwa. Asili ya punda ni nchi kavu za kaskazini-mashariki mwa Afrika, na manyoya yake hayazuii mvua vizuri, kwa hiyo mnyama aliyetoka kwenye joto la bonde la Usangu hawezi kuachwa nje katika ukungu wa nyanda za juu. Tulimshonea shuka la magunia na kuziba upande wa banda unaopigwa na upepo. Kwato tulizipunguza kwa awamu, kwa kuwa kuzikata zote mara moja huiumiza mishipa ya miguu iliyokwisha kuzoea kusimama vibaya.

Kidonda ndicho kilichonifundisha zaidi. Tulikisafisha kila siku kwa maji yaliyochemshwa na kupoa, kijiko kimoja cha chai cha chumvi kwa nusu lita, na kilichukua wiki kumi na nne kufunga. Chanzo chake kilikuwa nira. Ng'ombe wetu ana nundu, na nira huegemea pale anapovuta. Punda hana nundu, nguvu zake za kuvuta ziko kifuani, hivyo mti ule humkalia kwenye mfupa na kuutafuna kila hatua. Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya Tanzania ya mwaka 2008 inakataza mateso ya aina hii, lakini sheria peke yake haimwonyeshi mkulima kifaa kingine cha kufungia.

Mzee alikuja kumtazama mwezi Septemba. Alikuwa amekataa kumuuza kwa mnunuzi wa ngozi, biashara ambayo mwezi Februari 2024 wakuu wa nchi za Umoja wa Afrika walikubaliana kusitisha uchinjaji wake kwa miaka 15, na mimi sikuweza kumwona kama mtu mkatili. Nilimwonyesha mkanda wa kifua tulioushona kwa mikanda ya viti vya magari makuukuu, wenye upana wa kiganja na tandiko la gunia ndani. Aliugeuza mikononi kwa muda mrefu bila kusema neno. Kisha akaomba kamba ya katani, kwa sababu nyumbani alikuwa amebaki na punda wengine wawili, akataka kujua kipimo huanzia wapi na kuishia wapi.

Aliposogea ampime Bibi Igurusi kifua, yule punda alirudi nyuma hatua mbili. Mzee akasimama, akashusha kamba, akasubiri.