Mguu kifundo wa binti yangu: plasta ilinyoosha, viatu ndivyo vinavyolinda

Binti yangu alizaliwa nyayo zote mbili zimegeukia ndani, visigino vimepanda juu. Muuguzi alishika unyayo mmoja, akausukuma taratibu urudi mahali pake, ukagoma. Kuna watoto ambao sehemu ya mbele tu ya unyayo ndiyo imeingia ndani. Ukiisukuma inanyooka na kisigino kiko sawa. Wengi wao hunyooka wenyewe. Wangu alikuwa na mguu kifundo, na huo hauachwi ujinyooshe.

Maneno ya watu yaliniumiza: nilikula nini, nilianguka wapi nikiwa mjamzito? Daktari alinieleza kwamba huwapata takriban mtoto 1 kati ya 1,000, na mara nyingi chanzo hakijulikani. Mama hana kosa. Hilo nililishikilia.

Tulitumia njia ya Ponseti. Kila wiki unyayo unanyooshwa kidogo kwa mikono, kisha mguu unafungwa plasta kuanzia vidoleni hadi pajani, goti likiwa limekunjwa. Nyumbani nilikuwa nabonyeza kidole gumba cha mguu nione kama damu inarudi upesi. Vidole vikianza kuzama ndani, ujue plasta imeteleza, mrudishe hospitali. Mwishoni kano ya kisigino ilikatwa kwa ganzi, jeraha dogo sana, ikafuata plasta ya wiki 3.

Nilidhani tumemaliza, kumbe kazi yenyewe ni viatu vilivyounganishwa kwa fito: saa 23 kwa siku kwa miezi 3, halafu wakati wa kulala tu, hadi miaka 4 au 5. Usiku wa mwanzo alilia mno. Kilichotusaidia ni kucheza naye akiwa navyo, nikiikunja na kuinyoosha miguu yote miwili kwa pamoja mpaka akajua kuirusha hivyo mwenyewe. Soksi nilizivuta zisibaki na mikunjo. Kisigino nilikishusha mpaka kikae chini kabisa, ndipo nikakaza mkanda wa katikati. Ngozi ikiwa nyekundu sikupaka mafuta, maana huilainisha ikachubuka zaidi. Nilirudi kliniki wakavirekebisha viatu.

Mzazi mwenzangu, usivivue kwa sababu ya kilio. Viatu vikiachwa mapema, mguu hurudi kupinda. Wangu sasa anatembea vizuri, lakini usiku bado anavivaa na kliniki tunaendelea kwenda.