Mtaa wa Tumen, Quanzhou

Treni ya mwendo kasi kutoka Xiamen ilitufikisha Quanzhou, jimbo la Fujian nchini China, kabla ya adhuhuri, nami nikaomba tuanzie Mtaa wa Tumen. Hapo pana Msikiti wa Qingjing, uliojengwa mwaka 1009. Ukumbi wake wa kuswalia hauna paa tena, lakini kuta za mawe zingali wima, na maandishi ya Kiarabu yaliyochongwa juu yake bado yanasomeka.

Hatua chache kutoka pale, moshi wa udi ukatupokea kwenye hekalu la Guan Yu, jemadari wa karne ya 3 ambaye wafanyabiashara humtukuza kwa uaminifu wake. Hapa nilikaa sana. Watu walipiga magoti, wakanong'ona haja zao, kisha wakarusha sakafuni vipande viwili vya mbao vyenye umbo la mwezi mchanga. Kimoja kikilala chali na kingine kifudifudi, ombi limekubaliwa. Mama mmoja alirusha, akarusha tena, hadi uso ukamkunjuka. Alipoinuka, alimwambia mkalimani wetu kwamba sasa anampeleka mwanawe hekalu la Confucius, mwanafalsafa wa kale, maana mtihani wa kuingia chuo kikuu umekaribia. Nikauliza yeye ni wa dini gani. Akasema hana dini.

Nilimwamini. Swali langu ndilo lililokuwa la kigeni pale. Confucius, aliyefariki mwaka 479 KK, aliwaachia Wachina utii kwa wazazi na heshima ya elimu. Laozi, mwalimu wa kale wa Utao, huwafundisha kutoshindana na maumbile. Watawa wa Kibudha huitwa kuwaombea marehemu. Nyumba moja huwahitaji wote, wala hakuna anayeona amemsaliti yeyote.

Hata majengo yanasema hivyo. Nyuma ya ukumbi mkuu wa Kaiyuan, hekalu la Kibudha lililoanzishwa mwaka 686, nilizigusa nguzo mbili zenye michoro ya miungu ya Kihindu, zilizotoka kwenye hekalu lililobomoka.

Jioni tulipanda kilima cha Lingshan, kwenye makaburi ya Waislamu wa kale. Jiwe la mwaka 1417 linaeleza kwamba Zheng He, nahodha mkuu aliyezaliwa Mwislamu na ambaye merikebu zake zilifika hadi Malindi, alifukiza udi hapo kabla ya kutweka. Mwaka 1431, huko Changle katika jimbo hilohilo, alisimamisha jiwe jingine kumshukuru Mazu, mungu wa kike wa mabaharia, kwa kuwavusha salama.