Kutuliza leza ya pete: nilianza na joto, piezo ikafuata

Leza yenyewe ni ya fuwele ya yakuti samawi iliyotiwa titani, inayosukumwa na mwanga wa kijani wa nanomita 532. Mzunguko wa pete ni mita 3, kwa hiyo mipigo ya mwanga hutoka kwa masafa ya megahezi 100, yaani milioni 100 kwa sekunde. Nilitaka masafa hayo yafuate saa ya atomi ya rubidi usiku kucha bila kuachia.

Kwanza hesabu. Pete ikirefuka nanomita 30, masafa hushuka hezi 1. Ubao wa alumini ukipata joto nyuzi 1, mita 3 huongezeka mikromita 69 hivi: hezi 2,300 zimekwenda! Piezo yangu, kipande kinachorefuka kidogo kikipewa volti, husogeza kioo kimoja cha pete mikromita 5. Njia ya mwanga hubadilika karibu mara mbili yake, mikromita 10. Ina maana nyuzi 0.14 tu zinaimaliza piezo, na kuongeza nguvu ya sevo, yaani kitanzi kinachopima kosa na kulisahihisha kwa piezo, hakusaidii kitu.

Basi nikafunika pete yote kwa sanduku, nikabandika kitambaa cha kupasha chini ya ubao na kuushikilia nyuzi chache juu ya joto la chumba, kwa kuwa hita haiwezi kupoza. Volti ya piezo ikiondoka katikati, hita huirudisha polepole, kwa dakika kadhaa. Angalia alama, chanya au hasi: ukiunganisha kinyume, hita na piezo hukimbizana hadi mwisho wa volti.

Kioo cha piezo kiwe kidogo. Changu kina kipenyo cha milimita 7, kimegandishwa kwa gundi nyembamba ya epoksi kwenye kishikizo cha shaba kilichojazwa risasi. Kile cha milimita 25 nilichoanza nacho kilitikisika kwa masafa yake chenyewe, na kitanzi cha sevo kikaanza kuyumba kabla sijapata kasi ya maana.

Kwa kupima nilichukua haramoniki ya 10, yaani masafa ya mipigo mara kumi, gigahezi 1, maana kosa lilelile la wakati huonekana mara kumi zaidi katika fazi (mahali wimbi lilipofika katika mzunguko wake). Mtego uko kwenye fotodayodi, kipokezi kinachogeuza mwanga kuwa umeme: ikizidiwa na mwanga, kila mtikisiko wa nguvu ya leza hugeuka kosa la fazi, na sevo inasahihisha urefu ambao haujabadilika. Ili kujua, weka mbele yake kichujio hafifu cha kupunguza mwanga. Fazi ikihama, mwanga bado ni mwingi mno.

Kifuniko kikifunguliwa hata dakika mbili kufuta vumbi, nasubiri muda wa saa 3 ndipo nirekodi tena.