Daftari la kura za Mwalimu

Wanasiasa hupenda kusema, "Watu wangu watanifuata niendako." Kila nikiisikia kauli hiyo hukumbuka Aprili 2017 mtaani kwetu Malindi, Kenya, na siikubali hata kidogo.

Mwaka ule Mwalimu aliomba tiketi ya chama chetu agombee uwakilishi wa wadi. Alikuwa mama mstaafu aliyefundisha watu wengi wa mtaa ule kusoma, mimi nikiwa mmoja wao, na hoja zake zilikuwa mbili tu. Ya kwanza chekechea, kwa sababu Katiba ya 2010 imeikabidhi kaunti kazi hiyo na yetu ilikuwa na paa linalovuja. Ya pili basari ya kaunti inayogawiwa wadi kwa wadi: alitaka orodha ya wanaopewa ibandikwe ukutani, kila mzazi aisome. Mama zetu walimpenda kwa hiyo ya pili. Nami nilijitolea kuwa wakala wake kwenye kura za mchujo, katika kituo cha shule ya msingi iliyo karibu na kwetu.

Siku yenyewe ilinyesha mvua ya masika tangu alfajiri. Masanduku yalichelewa, foleni ikavunjika na kujipanga upya, na kuhesabu kulianza giza limeingia, tukimulikiana kwa tochi za simu. Karani alikunjua karatasi moja baada ya nyingine, akaiinua tuione sote mawakala, akataja jina. Mimi nilikuwa na daftari la shule. Kila jina likitajwa nachora kijiti, vikifika vinne navikata kwa cha tano. Mwanzo safu ya Mwalimu iliongoza. Kisha safu ya kijana mmoja mkandarasi ikaikaribia, ikalingana nayo, ikaipita, na haikurudi nyuma tena. Nilirudia kuhesabu vijiti vyangu kabla ya kutia sahihi fomu. Vililingana na hesabu ya karani. Simu zilizoingia kutoka vituo vingine zilikuwa na habari ile ile.

Kulipokucha mtaa ulishaamua kuwa tumeibiwa. Kaka yangu, mvuvi, ambaye kwa ile kusi iliyokuwa imeanza kuvuma hakuwa na la kufanya baharini, alishinda barazani akieleza jinsi kura zilivyobadilishwa njiani. Vijana wa bodaboda walimwitikia. Ilipofika magharibi ua wa Shangazi ulikuwa umejaa watu, na fomu zilikuwa zimeshaanza kuzunguka za kutaka Mwalimu awe mgombea huru.

Hapo inafaa nieleze sheria ilivyokuwa. Kuhamia chama kingine ukishindwa kwenye mchujo hakukuwezekana tena mwaka ule, mlango huo ulikuwa umeshafungwa. Njia iliyobaki ni kugombea huru, na Katiba inataka mgombea huru awe ametoka chamani angalau miezi mitatu kabla ya uchaguzi. Uchaguzi ulikuwa tarehe 8 Agosti, kwa hiyo siku za kuamua zilikuwa chache mno. Kwa kiti cha wadi unahitaji pia kuungwa mkono na wapiga kura 500 wa wadi hiyo. Watu wa uani kwa Shangazi waliona 500 si kitu. Kwa hasira iliyokuwapo, pengine wangepatikana.

Mwalimu aliingia na buibui lililolowa pindoni, akaamkiwa, akakaa kwenye mkeka, akakataa kahawa. Kaka alipotaka kuanza hotuba, Mwalimu alinyoosha mkono kumtuliza, akanigeukia mimi.

"Wewe ulikuwemo ndani. Tumeibiwa?"

Watu wote walinitazama. Nilijua wanachotaka kusikia. Nilifungua daftari nikamkabidhi, nikasema, "Hapana, Mwalimu. Nilihesabu mwenyewe. Tumeshindwa."

Alizipitia kurasa zile kwa kidole, polepole, kama alivyokuwa akisahihisha insha zetu. Uani watu walinung'unika. Mmoja alisema nimenunuliwa. Kaka aliondoka, na kwa muda mrefu baada ya pale hakunijibu salamu. Liliniuma sana. Lakini naamini mpaka leo kwamba ndilo jambo la kwanza analopaswa kufanyiwa mtu ambaye mgombea wake ameanguka: aambiwe kweli alivyoanguka. Anayeamini ameibiwa hana nafasi moyoni ya kupima nani aliyebaki anafaa. Atataka kulipiza tu, na kura ya kulipiza ina njia zake. Na kama kweli mtu ameibiwa, kuna rufaa ndani ya chama na kuna Jopo la Kutatua Mizozo ya Vyama vya Kisiasa, na huko pia utaulizwa daftari lako liko wapi.

Mwalimu alifunga daftari. Alisema hatagombea huru, na yeye mwenyewe atampigia kura yule kijana. Akatuomba tufanye hivyo hivyo.

Basi hapo ndipo nilipoona kwa macho yangu kuwa kura si gunia la nazi ambalo mtu anaweza kumtwika mwenzake. Waliomheshimu Mwalimu maisha yao yote walisimama wakaenda zao. Kina mama wawili watatu walilia. Shangazi, mwenye ua, alisema wazi: "Mwalimu, wewe nakupenda. Huyo simjui." Wala si sisi tu tulio hivyo. Marekani, Bernie Sanders aliposhindwa kwenye mchujo wa chama chake alisimama Julai 2016 akamuunga mkono Hillary Clinton hadharani. Uchunguzi uliofanywa baada ya uchaguzi ulionyesha kwamba takriban asilimia 12 ya waliompigia yeye kwenye mchujo waliishia kumpigia Donald Trump. Neno la aliyeshindwa lina uzito, lakini halimalizi kazi.

Kazi iliyobaki ni ya aliyeshinda. Yule kijana, namshukuru kwa hili, aliielewa.

Ramadhani iliingia mwishoni mwa Mei. Usiku mmoja baada ya tarawehe alikuja kwa Shangazi akiwa na watu wake na furushi la sukari na tende. Tulikuwa tunaondoa sinia za futari, bado kuna viazi vya karai na kaimati. Shangazi alimpokea vizuri, akamkalisha, akamwekea chai. Furushi alilisogeza kwa mguu mpaka karibu na viatu vyake.

"Hiyo mpelekee mamako. Mimi nataka kujua habari ya basari. Mwalimu alisema orodha itabandikwa. Wewe utaibandika?"

"Nitaibandika, Mama."

"Wapi?"

"Ofisi ya wadi."

"Ofisi ya wadi mimi nikimaliza kukaanga sambusa nakuta imefungwa. Bandika msikitini, bandika kanisani, bandika dukani."

Kijana alicheka, kisha akaona Shangazi hacheki. Akatoa karatasi mfukoni. Ilikuwa na mwandiko wa Mwalimu, nao naujua hata gizani: chekechea, paa, basari. Alikuwa amekwenda kwake kwanza kumwomba hoja zake. Aliazima kalamu yangu akaongeza chini ya neno basari: msikiti, kanisa, duka. Walizungumza mpaka wageni wakaanza kusinzia. Hakutukana aliyeshindwa, hakusema sisi tumenuna, hakutuambia kwamba hatuna pengine pa kwenda. Kauli hiyo ya mwisho nimeisikia kwa washindi wengi, na sijui njia ya haraka kuliko hiyo ya kumfukuza mpiga kura.

Si wote waliolainika. Tarehe 8 Agosti kila mtu alipewa karatasi sita, nyeupe ya rais, buluu ya gavana, manjano ya seneta, kijani ya mbunge, zambarau ya mwakilishi wa wanawake, na ile ya rangi ya mchanga ya wadi. Wapigadebe walikuwa wametuhimiza tupige "suti", yaani chama kimoja toka juu hadi chini. Mtaani kwetu suti ilichanwa vipande. Kaka alikipa chama tano, na ya wadi akampa mgombea huru, mtu aliyeshika nafasi ya tatu kwenye mchujo ule ule na kuwahi kujitoa kabla ya siku kupita. Jirani yetu mmoja, mama wa Kigiriama aliyemfanyia Mwalimu kampeni nyumba kwa nyumba, alipanga foleni tangu kabla ya saa kumi na mbili, akapiga tano, na ya wadi akaikunja tupu akaitumbukiza. "Sikuwa tayari," aliniambia. Wako wanaomwita mtu kama huyo mpotezaji wa kura. Mimi simwiti hivyo. Aliwapa chama tano, na kwa ile ya sita alisema alilokuwa nalo. Wanaopaswa kuwaumiza vichwa viongozi ni wale vijana wa bodaboda ambao hawakutoka nyumbani kabisa, maana hao walipotea kwa wagombea wote sita kwa hasira ya kiti kimoja.

Shangazi alitoka kituoni amenyanyua kidole chake cha mwisho cha mkono wa kushoto chenye wino, akatangaza bila kuulizwa kwamba amempa yule kijana. Mimi pia nilimpa. Ile karatasi yenye mwandiko wa Mwalimu ndiyo iliyonifanya niamue, wala si chama.

Alishinda. Januari shule zilipofunguliwa orodha ya basari ilibandikwa dukani, majina yote, na kiasi mbele ya kila jina. Msikitini haikuwapo. Shangazi alimpigia simu siku hiyo hiyo.