Emo ghorofani, Chicago

Ukumbi ulikuwa ghorofa ya pili juu ya baa, upande wa kaskazini wa Chicago. Wakiingia watu 200, hapapitiki. Dari ya chini, jukwaa kimo cha goti, kuta za matofali matupu zisizomeza sauti hata kidogo. Ilikuwa Februari, nje theluji, ndani makoti yametundikwa popote penye msumari na joto linazidi kupanda.

Bendi ilikuwa ya vijana wanne wa Illinois. Emo, muziki wa magitaa wenye maneno ya hisia nzito, ilianzia kwenye panki, ile roki ya kasi na kelele, ya Washington, D.C., katikati ya miaka ya 1980, bendi ya Rites of Spring ikiwa mstari wa mbele, lakini ilipofika Chicago na miji ya vyuo ya jirani, vikundi kama Cap'n Jazz na baadaye American Football viliipa sura nyingine. Aliyekulia muziki wa dansi angegundua upesi kwamba hapa hakuna mpiga rizimu. Magitaa yote mawili yanadonoa noti mojamoja na kujibizana, kama solo na mi-solo (gitaa linalokaa kati ya solo na rizimu) za Kinshasa, ila sebene unaisubiri mpaka wimbo unaisha.

Kinacholeta sauti ile ni namna ya kutyuni. Gitaa la kawaida, kuanzia uzi mnene, ni E-A-D-G-B-E. Hawa walipiga F-A-C-G-C-E: uzi wa sita unapandishwa nusu toni, wa nne unashushwa toni nzima, wa pili unapandishwa nusu toni, mingine haiguswi. Ukizicharaza zote bila kubana popote, tayari una kodi (noti kadhaa zinazolia pamoja) iitwayo Fmaj9, na nyuzi zilizo wazi huendelea kulia wakati vidole vinatembea kwingine. Gharama yake ni kwamba gitaa limetoka kwenye gari lenye baridi, limeingia kwenye joto la watu, na waya ukipata joto hurefuka kidogo na noti hushuka. Kufikia wimbo wa pili uzi wa pili ulikuwa umeshuka kiasi cha kukera. Kijana alityuni kwa utaratibu unaofaa: alishusha kwanza chini ya noti, ndipo akapandisha taratibu, ili uzi usibaki umekwama kwenye kijino cha shingoni, kile kipande chenye vijia vya nyuzi, na kuteleza tena katikati ya ubeti.

Balaa lilikuja wimbo wa tatu. Kwenye emo watu wa mbele huimba kila neno, na mwimbaji aliposogeza maiki kwao, mmoja akaidaka kichwani, kiganja kikafunika wavu wote. Maiki ya jukwaani husikia kwa mbele na kuzipuuza sauti za nyuma kwa sababu ya matundu yaliyo nyuma ya kapsuli, kile kifaa cha ndani kinachonasa sauti. Yakizibwa inasikia pande zote, ikiwemo ile spika inayomrudishia mwimbaji sauti yake miguuni. Mluzi uliotoka hapo, watu waliziba masikio.

Fundi sauti hakupandisha kitu. Alishusha spika ya miguuni, akapunguza masafa yaliyokuwa yanalia, na wimbo ulipoisha akapanda jukwaani na kreti mbili za bia. Juu yake akaweka amplifaya za magitaa, akaziinamisha kwa nyuma zitazame nyuso za wapigaji. Mpaka hapo zilikuwa zinapigia magoti yao. Hawajisikii, wanaongeza sauti, na watu wa mbele ndio wanaoumia. Sasa wakajisikia, wakapunguza wenyewe, na kwa mara ya kwanza tukasikia maneno. Drams ndizo hazina kitufe cha kupunguza, na mwimbaji anayenong'ona mbele ya matoazi huyaingiza yote kwenye maiki yake. Dawa yake ni mpigaji mwenye mkono mwepesi, na huyu alikuwa nao.

Baadaye akaweka fimbo chini na kushika tarumbeta, jambo ambalo Steve Lamos alilifanya maarufu kwenye albamu ya American Football ya 1999. Kabla ya kupuliza alizima nyaya za chini ya sinea, ile ngoma yenye mchakacho, kwa ule wenzo mdogo wa pembeni yake. Ukiziacha, kila noti ya besi inazitetemesha na sehemu ya utulivu inajaa mchakacho. Kisha akarudi nyuma hatua moja, maana maiki iliyopangiwa mnong'ono haihimili tarumbeta. Wimbo huo ulihesabiwa mapigo saba saba, si manne manne. Waliojaribu kupiga makofi walipotea kabla ya ubeti wa pili, wakaacha.

Kwenye wimbo wa mwisho uzi wa kwanza ulikatika. Bahati ya mpigaji, gitaa lilikuwa Telecaster, ambalo daraja lake, sehemu inayoshikilia nyuzi kwenye mwili, limefungwa kwenye mbao. Lingekuwa na daraja linaloelea juu ya springi, uzi mmoja ukikatika mingine yote hupanda noti na huna tena wimbo. Akaendelea na mitano, na noti za juu zilizokosekana wakaziimba watu, wengi wao juu kidogo ya mahali pake.