Meza ya Machweo: Siku Moja Juu ya Paa la Mji Mkongwe

Saa moja na nusu asubuhi nilishuka Darajani kutoka kwenye daladala ya Mwanakwerekwe, nikakata vichochoro hadi Shangani, kwenye nyumba kongwe ambayo juu ya paa lake nimehudumu kwa miaka sita. Hadi alasiri kazi ilikuwa ile ile ya kupanda na kushuka vidato 72 baina ya jikoni na mezani, kwani nyumba haina lifti, na anayedhani sisi hupunga upepo tu hajabeba sinia ya pweza wa nazi kwenye ngazi zile.

Saa kumi na nusu alifika mzee mmoja kutoka Berlin, akanionesha picha katika simu yake: meza ya kona ya kushoto, na jua likizama nyuma yake. Aliitaka meza hiyo tu. Nilimweleza kwa adabu kwamba picha ile ilipigwa wakati wa kaskazi, mwezi wa Disemba, jua linapotulia upande wa kusini. Sasa ni Julai, kusi inavuma, na jua limehamia kulia, upande wa kisiwa cha Changuu, hivyo akikaa pale atatazama tangi la maji la jirani. Alijibu kwamba mnara wa televisheni wa mji wao, wenye mita 368 na uliofunguliwa mwaka 1969, una mgahawa ambao sakafu yake huzunguka polepole pamoja na meza, kila mgeni akapata pande zote bila kuomba. Nakiri habari hiyo ilinipendeza, ingawa niliwahurumia wahudumu wake: unaweka chai, unafuata sukari, ukirudi meza imekwishasogea.

Jua lilipoanza kuwa jekundu, mzee aliliona tangi. Nikaibeba meza yake, kiti na birika hadi kulia, nikawabana wageni wengine kwa kuwaomba radhi, nikakunja kipande cha boksi kuwa kabari ya mguu uliokuwa ukicheza. Ndipo akasema chai imepoa. Nilipopanda na birika jipya, adhana ya magharibi ilikuwa ikisikika na bahari imekwisha kuwa ya kijivu.

Baada ya hapo sikutazama saa tena, magoti yalinitosha. Wakati wa kuondoka mzee aliomba nafasi ya kesho. Nikaandika daftarini: mtu mmoja, meza ya kulia, na chini yake, kwa ajili yangu mwenyewe, kabari.