Destroy haifuti kitu: vile nilifufua mashine ya Industrial Area nikiwa Rongai

Nyinyi wenye mmezoea kuambia mtu "enda tu ofisi ubonyeze switchi", leo mnisikize. Mimi naishi Rongai, seva iko Industrial Area, na ilikuwa Jumamosi saa nne usiku mvua inanyesha. Nani anaenda? Matatu mbili na nduthi ni kama mia nne hivi, na hapo sijarudi.

Mashine pepe ya mauzo, yaani kompyuta ya programu tu inayoishi ndani ya seva, ilikuwa imeganda na keshia anafungua Jumapili asubuhi. Seva yenyewe, Linux yenye KVM ya kuendesha hizo mashine pepe, haikuwa na shida. Nikaingia kwa mbali na ssh, nikaandika virsh list --all (virsh ndio amri ya kusimamia mashine pepe), nikapata vichwa vya jedwali peke yake, chini hakuna kitu. Mashine tano zimeenda wapi jameni? Nikapigia jamaa mmoja hujiita mkongwe, akaniambia diski imekufa, anza kutafuta bakapu. Nusu saa nzima nimeshika kichwa, chai imepoa, mama watoto ananiuliza nani amefariki. Nikacheki /var/lib/libvirt/images, kwenye diski za mashine hukaa, na sudo (ruhusa ya mkubwa), faili zote ziko hapo zimetulia. Kumbe ukiingia kama yuza wa kawaida virsh inakupeleka qemu:///session, kachumba kako binafsi kenye hakuna mtu, na mashine zako ziko qemu:///system! Nikaandika virsh -c qemu:///system list --all, zote tano hizo hapo. Siku hizi nimeweka export LIBVIRT_DEFAULT_URI=qemu:///system kwa .bashrc, faili yenye husomwa kila nikifungua terminal, na hiyo aibu imeisha.

Haya, virsh shutdown mauzo. Ikanijibu kwa adabu kwamba inazima. Dakika kumi baadaye naiuliza virsh domstate mauzo, bado running. Unajua shutdown ni ombi tu, ni kama umebonyeza kitufe cha kuzima halafu Windows ama Linux ya huko ndani ndio ikubali, na yangu ilikuwa imeganda, ingesikia na masikio gani? Ni kugongea mlevi mlango.

Ikabaki virsh destroy. Mkongwe akapiga nduru kwa simu, "usithubutu, itafuta kila kitu!" Wapi! Destroy ni kuchomoa waya wa stima, basi, diski haiguswi, ingawa kile kilikuwa hakijaandikwa kwa diski kinaweza kupotea kwa hivyo usifanye ni mazoea. Yenye unafaa kuogopa ni undefine, hiyo ndio hufuta maelezo ya mashine kwa libvirt. Nilibonyeza enta nimefunga jicho moja, nikafuatisha virsh start mauzo, na baada ya dakika mbili hivi ikaanza kujibu ping. Mkongwe alikata simu bila kuaga.

Sasa niko na kaskripti nakapenda kuliko laptopu yenyewe: kanatuma shutdown, kanauliza domstate kila sekunde 5, na zikifika 120 kama bado iko running ndio kanapiga destroy. Pia nikapiga virsh autostart kwa zote tano ndio stima ikipotea ikirudi ziwake zenyewe, nikajipigia makofi. Shida ni kwamba autostart inangoja seva iwake kwanza, na BIOS, ile programu ya ndani ya seva yenye huamua iwake vipi, hakuna mtu alikuwa ameiambia iiwashe stima ikirudi. Hiyo niliijua wiki iliyofuata, nikiwa ndani ya matatu, naenda Industrial Area kubonyeza switchi.